Juu ya Namna za Kufikiri kwa Wanadamu, na Mipaka Yake

Katika kazi ya ualimu hapana jambo tulifanyalo mara nyingi kama kupima akili za watu, na pengine hapana jambo tulifanyalo kwa uangalifu mdogo zaidi. Twauliza swali, twasikia jibu, na papo hapo twasema moyoni: huyu ana akili, na yule hana. Katika makala hii twataka kueleza kwa kifupi jinsi wenye elimu wa Ulaya na Marekani walivyozihukumu akili za watu wasiosoma tangu mwaka 1910, jinsi hukumu zile zilivyosahihishwa, na mambo gani yatupasa walimu na wachungaji kuyashika katika habari hizo. Maana sisi watu wa misheni hatukuwa watazamaji tu. Tulikuwa na sehemu yetu katika kosa la kwanza, kama itakavyoonekana.

I. Kosa letu wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na darasa la wakatekumeni watu wazima, na miongoni mwao alikuwako mzee mmoja mkulima, ambaye hakupata kwenda shule. Siku ya kuwajaribu tulipenda kujua kama waweza kufuata hoja, kwa kuwa mafundisho ya imani yana hoja nyingi. Basi tulimwuliza hivi: "Mzee wangu, watu wote waliobatizwa katika kanisa la ng'ambo ya mto wameandikwa katika kitabu. Yohana amebatizwa katika kanisa hilo. Je, Yohana ameandikwa katika kitabu?"

Akajibu, "Mwalimu, kitabu hicho mimi sijakiona, na huyo Yohana simjui. Nitasemaje?"

Tulirudia swali polepole. Akafikiri, kisha akasema, "Waandishi nao husahau."

Tukaandika katika daftari ya kwamba hajafahamu, naye akangojezwa mwaka mmoja zaidi. Mzee hakunung'unika. Lakini mwaka ule ule ndugu wawili walishindana kwa ajili ya mpaka wa shamba la baba yao, na shauri lao liliwashinda watu wengi, hata lilipofika kwa mzee huyu. Hakuuliza mpaka ni wapi, kama walivyouliza wengine wote. Aliuliza ni nani aliyeupanda mwembe ulio kando ya shamba, na ni nani aliyekuwa akichuma embe zake wakati baba yao alipokuwa hai, wala hapana aliyemkataza. Shauri likaisha jioni ile ile. Ndipo tulipoanza kujiuliza kama aliyeshindwa siku ya majaribio ni yeye, au ni swali letu.

II. Kosa la wenye elimu

Mwaka 1910 mwanafalsafa Mfaransa, jina lake Lucien Lévy-Bruhl, alitoa kitabu kikubwa juu ya akili za watu wa jamii ambazo yeye aliziita za chini, na mwaka 1922 akatoa kingine kiitwacho La mentalité primitive. Neno lake kuu lilikuwa hili: ya kwamba fikira za watu hao hazifuati mantiki kama fikira za watu wa Ulaya, bali ziko kabla ya mantiki, kwa kuwa haziudhiki kitu kimoja kiwapo chenyewe na papo hapo kiwapo kitu kingine. Mfano wake mmoja mashuhuri ulikuwa wa Wabororo wa Brazil, ambao ilisemekana hunena ya kwamba wao ni kasuku wekundu.

Tusimdhulumu. Hakusema ya kwamba watu hawa ni wapumbavu katika kazi zao, wala hakuwa mtu wa chuki. Lakini yeye hakufanya uchunguzi wake mwenyewe katikati ya watu hao. Alisoma, akakusanya na kupanga. Na sehemu kubwa ya aliyoyasoma yalikuwa maandishi ya wasafiri na wamisionari. Hapo ndipo tunapoingia sisi. Mmisionari aliyeuliza swali lililo geni, akapata jibu asilolitazamia, aliandika kwao ya kwamba watu hawa hawapendi kufikiri. Na neno lile likasafiri mpaka Paris, likawa jiwe la msingi wa nadharia. Wala hapana aliyerudi kuuliza swali lenyewe lilikuwa lipi.

Na juu ya kasuku wekundu, na tutafakari kidogo. Mgeni asiyejua desturi zetu, akiingia kanisani na kutusikia tukikiri ya kwamba sisi tulio wengi tu mwili mmoja, angeandika nini katika daftari yake? Kama akichukua maneno yetu kama mtu achukuavyo hesabu ya mbuzi, ataona ya kuwa sisi nasi tuko kabla ya mantiki.

Lévy-Bruhl alikuwa mtu mwaminifu wa elimu. Katika miaka ya 1938 na 1939, mwisho wa maisha yake, aliandika daftari ambazo zilichapishwa mwaka 1949, yeye akiwa amekwisha kufa. Humo aliliacha neno lake la kale. Alikiri ya kwamba hapana akili ya namna moja kwa watu wa kale na ya namna nyingine kwa watu wa sasa. Iko namna ya kufikiri iliyo ya siri na ya moyo, nayo imo ndani ya kila mwanadamu, ingawa yaonekana wazi zaidi mahali fulani kuliko pengine. Ni wachache waandikao kitabu cha kujisahihisha wenyewe katika uzee wao. Lakini vitabu vya kwanza vilikuwa vimekwisha kusomwa na wengi, na daftari za mwisho zilisomwa na wachache.

III. Ghala la Wazande

Mtu aliyesaidia sana kulisahihisha jambo hili ni Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, ambaye alikaa na Wazande katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akajifunza lugha yao, na mwaka 1937 akatoa kitabu juu ya uchawi na kupiga ramli kwao. Mfano wake wa ghala wajulikana sana. Wazande hukaa chini ya ghala zao wakati wa jua kali, wapate kivuli. Pengine ghala la zamani huanguka na kuwaumiza walio chini yake. Basi Mzande husema ni uchawi. Je, hajui ya kwamba mchwa wamezila nguzo? Ajua sana, ni yeye mwenyewe atakayekuambia habari za mchwa. Ajua pia ya kwamba watu walikaa pale kwa ajili ya jua. Neno analouliza ni jingine: kwa nini ghala lilianguka saa ile ile walipokuwa wamekaa watu wale wale? Kwetu tuliosoma sababu hizi mbili zilikutana tu, na hatuna neno zaidi la kusema. Yeye analo: ni uchawi uliozikutanisha.

Kila mchungaji analijua swali hili. Amelisikia matangani. Mama aliyefiwa na mtoto hatuulizi habari za mbu na homa ya malaria. Hizo amekwisha kuambiwa na daktari, naye hakuzikana. Atuuliza kwa nini mtoto wake, na kwa nini mwaka huu. Basi tusiseme ya kwamba aulizaye hivyo hana akili. Anauliza swali ambalo elimu ya mbu haikuwekwa kulijibu.

Lakini Evans-Pritchard alionyesha na mpaka wa fikira hizo. Wazande huwapa kuku sumu iitwayo benge, na kwa kufa au kupona kwa kuku hupata jibu. Majibu mawili yakipingana, husema sumu ilikuwa mbovu, au mwiko ulivunjwa, au mchawi ameiharibu. Kila kizuizi chajibiwa kwa neno litokalo ndani ya imani ile ile, hata haiwezekani imani yenyewe ihukumiwe. Wafikiri vizuri ndani ya nyumba yao, lakini nyumba haina dirisha. Na madhara yake si madogo. Katika nchi zetu wazee, na hasa wanawake, wamefukuzwa na hata kuuawa kwa sababu swali la kwa nini mimi lilijibiwa kwa jina la jirani. Swali ni la haki. Jibu limemwaga damu. Mwalimu anayelidharau swali hatapewa nafasi ya kulisahihisha jibu.

IV. Dubu weupe

Sasa twaja kwenye uchunguzi unaofanana na majaribio yetu kwa yule mzee. Mwaka 1931 na 1932 mtaalamu wa elimu ya nafsi kutoka Moscow, Alexander Luria, akisaidiana na mwenzake Lev Vygotsky aliyeifikiri safari ile, alikwenda Asia ya Kati, katika nchi ya Uzbekistan na milima ya Wakirgizi. Alitaka kujua kama namna ya kufikiri yabadilika maisha ya watu yanapobadilika. Aliwauliza wakulima wasiosoma, na tena vijana waliokwisha kupata masomo ya muda mfupi.

Swali lake moja lilikuwa hili: katika nchi za kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, na theluji iko daima. Dubu wa huko wana rangi gani? Wakulima wengi wasiosoma hawakukubali kujibu. Walisema hawakufika huko. Kila nchi ina wanyama wake. Mtu hunena aliyoyaona. Mmoja alieleza ya kwamba kama mzee aliyesafiri na kuwaona dubu hao angesimulia, basi angeaminiwa. Lakini vijana waliokuwa wamesoma muda mchache, wengi wao walijibu mara moja ya kwamba ni weupe.

Swali la pili lilikuwa la vitu vinne: nyundo, msumeno, shoka na gogo. Kipi si cha jamii moja na vingine? Aliyesoma hulitoa gogo, kwa kuwa vile vitatu ni vyombo vya kazi. Wakulima walikataa kulitoa. Walisema msumeno na shoka bila gogo vina kazi gani?

Twaona hapa namna mbili za kufikiri zikisimama uso kwa uso. Namna ya kwanza twaweza kuiita kufikiri kwa mambo yaliyoonwa. Namna ya pili kufikiri kwa kufuata maneno yenyewe. Mwenye namna ya kwanza huuliza: ni nani aliyeona? Mwenye namna ya pili huuliza: maneno haya yakikubaliwa, ni neno gani litokalo ndani yake? Luria aliona kweli ya kwamba shule, hata ikiwa ya muda mfupi, hufungua mlango wa namna hii ya pili. Na neno hilo halikutanguka mpaka leo.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, miaka ile serikali ya Kisovyeti ilikuwa ikiwatia wakulima kwa nguvu katika mashamba ya ushirika. Twadhani mkulima aliyejiwa na wageni kutoka mji mkuu wenye daftari alikuwa na sababu njema ya kutonena neno ambalo hakuliona kwa macho yake. La pili ni kubwa zaidi. Mtazame mtu asemaye: "Mimi hunena niliyoyaona tu, dubu hao sikuwaona, basi siwezi kunena habari zao." Hiyo nayo ni hoja ya mantiki, tena imekamilika, na sehemu zake zote tatu zimo. Basi hakukosa mantiki. Alikataa tu kuyapokea maneno ya mgeni kuwa msingi wake.

Tulipolifahamu neno hili tulimkumbuka mzee wetu, tukaona haya. Aliposema waandishi nao husahau, alikuwa ameligusa neno la kwanza la hoja yetu, lile tulilodai ya kwamba wote wameandikwa, akaliona si imara. Mwanasheria afanyaye hivyo barazani husifiwa. Yeye alingojezwa mwaka mmoja.

V. Mchele wa Wakpelle na maandishi ya Wavai

Habari za Luria zililaumiwa kwao, hata hazikutolewa kwa ukamilifu mpaka mwaka 1974. Wakati huo Wamarekani walikuwa wamekwisha kuanza kazi kama hiyo katika Liberia, Afrika ya Magharibi. John Gay na Michael Cole walifanya uchunguzi kwa Wakpelle, na mwaka 1967 wakatoa kitabu juu ya hesabu zao. Watoto wa Kikpelle walikuwa wakisumbuka sana katika hesabu za shule. Lakini watu wazima walipoonyeshwa mchele katika bakuli na kuulizwa una vikombe vingapi, walikadiria vizuri kupita Wamarekani waliosoma. Si ajabu; mchele ni chakula chao na biashara yao.

Joseph Glick, aliyefanya kazi katika uchunguzi ule, alisimulia kisa kimoja ambacho kila mwalimu afaa kukijua. Watu walipewa vyakula na vyombo, wakaambiwa wavipange vilivyo vya namna moja. Nao wakaweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa, wakisema mtu mwenye hekima hufanya hivi. Mwulizaji alipochoka akauliza: na mpumbavu angevipangaje? Mara moja wakaviweka vyakula mahali pake na vyombo mahali pake, sawasawa kama shule itakavyo. Basi walikuwa wakiijua njia ya shule tangu mwanzo. Waliona tu haina maana.

Kisha Cole na mwenzake Sylvia Scribner walikwenda kwa Wavai, na kitabu chao kilitoka mwaka 1981. Wavai wana maandishi yao wenyewe, yaliyobuniwa na Wavai katika karne ya 19, ambayo mtu hufundishwa nyumbani na jamaa au rafiki wala si shuleni. Tena wengine husoma Kurani kwa Kiarabu, na wengine husoma Kiingereza shuleni. Hivyo iliwezekana kuuliza neno ambalo Luria hakuweza kuliuliza: je, ni maandishi yanayobadili fikira, au ni shule?

Jibu lilikuwa la kiasi. Katika hoja za namna ya dubu weupe, waliofaulu zaidi ni waliokwenda shule ya Kiingereza. Kujua maandishi tu hakukuwapa uwezo huo. Lakini wenye kuandika Kivai, ambao hutumia maandishi yao kwa barua, walieleza vizuri mchezo kwa mtu asiyeujua, kwa kuwa barua humfundisha mtu kumfikiri msomaji asiyekuwapo. Nao waliosoma Kurani kwa moyo walikuwa hodari kukumbuka maneno kwa utaratibu wake. Yaani kila mazoezi yaliacha alama yake, wala hakuna zoezi moja lililoigeuza akili yote. Kama vile mvuvi na seremala: mikono yao yote miwili ina nguvu, lakini kila mmoja ana sugu zake.

VI. Wasomi nao wapimwa

Wako watakaosema: haya, na iwe hivyo, walakini mtu aliyesoma hufikiri kwa mantiki daima. Neno hili nalo lilipimwa. Mwaka 1966 Mwingereza Peter Wason alieleza jaribio lifuatalo. Kuna kadi nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Zaonekana E, K, 4 na 7. Mtu asema: kila kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi zapasa kugeuzwa ili kujua kama asema kweli?

Msomaji na ajaribu kabla ya kuendelea. Watu wengi waliosoma sana huchagua E peke yake, au E na 4. Jibu la haki ni E na 7. Maana kama nyuma ya 7 iko irabu, neno lile limevunjika, lakini kadi ya 4 haiwezi kulivunja hata ikiwa na herufi yo yote. Katika watu kumi, hafaulu hata mmoja kwa kawaida.

Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Florida swali lile lile kwa nguo nyingine. Kadi ni watu wanne: mmoja anywa bia, mmoja anywa soda, mmoja ana miaka 22, na mmoja ana miaka 16. Sheria yasema anywaye bia awe amepita miaka 19. Ni nani wa kuchunguzwa? Karibu robo tatu yao walijibu vema: mnywa bia, na mwenye miaka 16. Hoja ni ile ile moja, lakini ile ya herufi iliwashinda, na ile ya pombe waliijua, kwa kuwa wameishi nayo.

Basi msomi wa Florida na mkulima wa Uzbekistan si mbali kama tulivyodhani. Wote wawili hufikiri vizuri penye mambo waliyoyazoea, na wote wawili huteleza maneno yanapokuwa matupu. Tofauti yao ni ya mazoezi, wala si ya damu wala ya rangi.

VII. Methali, na Maandiko

Iko namna ya tatu, ambayo sisi watu wa pwani na bara twaijua zaidi, nayo ni kufikiri kwa mfano. Mwaka 1891, yaani karibu miaka ishirini kabla ya kitabu cha kwanza cha Lévy-Bruhl, mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Waswahili. Basi walikuwako pia watu wa misheni waliosikiliza.

Methali haithibitishi neno. Huleta jambo la zamani na kuliweka kando ya jambo la leo, ili mtu aone mfano wake. Nguvu yake ni kwamba huingia moyoni bila kubisha hodi. Udhaifu wake ni kwamba kila methali ina mwenziwe anayeipinga. Haraka haraka haina baraka. Lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Subira huvuta heri. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zenyewe hazituambii leo ni siku ya ipi. Hilo lahitaji mtu mwenye busara ya kulitazama jambo lenyewe.

Maandiko Matakatifu hayakuchagua namna moja na kuziacha nyingine. Nabii Nathani, alipotumwa kwa Daudi, hakumletea hoja; alimletea habari za tajiri na mwana-kondoo wa maskini. Daudi akawaka hasira na kumhukumu yule tajiri, asijue bado ya kuwa amejihukumu mwenyewe, hata Nathani alipomwambia kwa maneno ya wazi. Hapo twaona nguvu ya mfano, ya kwamba ulipita pale ambapo shutuma isingepita; na mpaka wake pia, ya kwamba haukutosha peke yake. Mtume Paulo naye, katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, afuata maneno yenyewe hatua kwa hatua: kama hapana ufufuo wa wafu, basi Kristo naye hakufufuka, na kama hakufufuka, imani ni bure. Wala hakuishia hapo. Katika sura ile ile aliwataja walioona, kwa majina na kwa hesabu, akisema wengi wao wangali hai. Hoja, na ushuhuda wa macho, vimewekwa katika sura moja.

VIII. Yatupasayo

Tukiyakusanya haya, twaona kila namna ina kazi yake na mpaka wake. Kufikiri kwa mambo yaliyoonwa hakudanganyiki upesi, na ndiko kunakolima, kunakovua samaki, na kunakoamua mashauri ya mipaka. Lakini hakuwezi kuvuka mpaka wa macho. Maji ya kisima yaweza kuwa maangavu nayo yana vijidudu vya kipindupindu, na hapo jicho halimwokoi mtu. Kufikiri kwa mfano huugeuza moyo. Lakini hakujui lini mfano umekwisha. Kufikiri kwa maneno yenyewe hufika pasipofikika kwa mguu wala kwa jicho. Lakini neno la kwanza likiwa la uongo, mengine yote hufuata uongo ule kwa utaratibu mzuri, na mwenye kufikiri hajui. Lévy-Bruhl mwenyewe ni mfano. Hoja zake zilipangika vema. Zilisimama juu ya habari ambazo hakuziona.

Basi twawasihi walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, tufundishe namna ya shule bila kuona haya, kwa kuwa mtoto asiyeweza kufuata hoja ya maneno matupu hatasoma sheria, wala hesabu, wala karatasi ya dawa. Lakini tumwambie wazi ya kwamba huu ni mchezo wenye kanuni yake: hapa twakubali kwanza maneno tuliyopewa, kisha twatazama yatokayo. Wengi hushindwa kwa sababu hawakuambiwa kanuni, si kwa sababu hawana akili. Pili, mtu akitujibu jibu tusilolitazamia, tusiandike kitu mpaka tumemwuliza: wasema hivyo kwa nini? Swali hili fupi lingaliwazuia watu wa misheni wasipeleke Paris maneno mengi ya bure. Tatu, tusiwafundishe watoto kuwadharau wazee wao kwa kuwa hawajui habari ya dubu weupe. Mtoto aliyejifunza kufuata maneno, akasahau kuuliza ni nani aliyeona, atadanganywa na kila mwenye maneno mengi. Na siku hizi wenye maneno mengi si wachache.

Mzee wetu alibatizwa mwaka uliofuata. Hatukumwuliza tena habari za Yohana. Tulipomwandika kitabuni aliomba aonyeshwe mahali jina lake lilipo, na ingawa hakujua kusoma, aliweka kidole chake juu yake kwa kitambo, kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa darasa la tano alisome kwa sauti. Aliposikia ya kuwa ndilo, alishukuru akaenda zake.